Kenua, Achama, Tema

Uani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, kuna ndala kuukuu iliyotundikwa msumarini juu ya pipa la maji. Imekatwakatwa hata mguu hauwezi kuivaa. Shangazi huchukua vipande vitatu vya soli, huvitoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto jikoni, kisha huvichomeka kwenye mpini wa mswaki vikafuatana kama mishikaki. Huvichonga kwa kisu mpaka vikawa duara, unene wa gunzi. Mjukuu wake wa miaka 9 ana mtindio wa ubongo, na vidole vyake haviwezi kubana kitu chembamba. Gunzi hili la ndala analikamata.

Nimewahi kuwasikia watu wakimsifu fundi seremala, fundi cherehani, hata fundi baiskeli. Huyu sijasikia mtu akimwita fundi.

Hukaa kwenye kigoda, mtoto akiwa mbele yake katikati ya magoti, mgongo umeegemea kifua cha bibi, wote wawili wakitazama kioo kilichoegemezwa ukutani. Nilimuuliza kwa nini asikae wakatazamana. "Wewe mwanangu," akasema, "ndevu zako unanyoa ukiwa upande gani?" Akiwa nyuma, mkono wake hupita njia ile ile ambayo mkono wa mtoto utapita siku ukienda peke yake. Kidevu hukiinamisha kidogo kuelekea kifuani, kwani kichwa kikirudi nyuma mwili mzima wa mtoto hukakamaa, na povu linaweza kumpalia.

Kazi hii ina vitenzi vyake, ambavyo sisi wenye misuli tiifu tunavitamka bila kuvisikia. Kukenua ni kuvuta midomo meno yaonekane. Kuachama ni kuliachia taya lishuke. Kusukutua kunataka midomo ifumbwe huku mashavu yakihangaika. Kutema kunataka ulimi na pumzi vielewane. Kukenua mtoto alikupata upesi, maana ni nusu ya kucheka. Kuachama kulichukua miezi. Kutema bado, kwa hiyo bibi humwinamisha juu ya beseni povu lichuruzike lenyewe, na dawa ya meno humwekea kiasi cha punje ya mchele tu, si ule utepe mnene wa kwenye matangazo. Floraidi hulinda meno, ila mtoto akimeza nyingi mno wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya fizi, huota yakiwa na madoa. Waulize wakazi wa miteremko ya Meru, ambako maji yenyewe yana floraidi kupita kiasi.

Kitenzi kimoja shangazi amekikataa. "Kupiga mswaki? Hapa hapigwi mtu." Yeye husema kusafisha, na kweli mkono wake huzungukazunguka taratibu pale jino linapokutana na fizi.

Siku moja aliniachia mimi. Nikaupeleka mswaki moja kwa moja magegoni. Taya likafunga. Nikavuta, likabana zaidi. Nikamwambia mtoto aache utundu, na hadi leo naona haya nikikumbuka, kwa sababu kule kung'ata hakukuwa ukaidi, ni misuli iliyoshtuka. "Usivute. Ngoja," akasema shangazi. Akaweka kiganja shavuni pa mtoto, akakiacha hapo. Baada ya muda taya likalegea lenyewe. Ndipo nikaelewa kwa nini kila asubuhi huanza kwa kumgusa bega, kisha shavu, kisha midomo, kisha fizi. Mdomo nao hupigiwa hodi.

Kufundisha huanzia mwisho. Mtoto hakuanza kwa kusugua. Alianza kwa kuchovya mswaki majini, kuutikisa na kuutundika. Yote ya kabla ya hapo aliyafanya bibi, kwa hiyo kila siku kazi ilimalizwa na mtoto. Shangazi anasema ndivyo alivyomfundisha binti yake kusuka ukili: yeye akianzisha, mtoto akimalizia. Baadaye akampa meno ya mbele. Kiganja kilichokuwa kimefunika mkono wa mtoto kikahamia kwenye kifundo, kisha kiwiko, na hata ukimtazama kila siku huwezi kusema kilihama lini. Mimi ningefanya kazi yote mwenyewe kwa dakika mbili, niwahi zangu kazini.

Usiku hakuna kusamehewa, hata umeme ukikatika. Mtoto hunywa fenitoini, dawa ya kifafa inayoweza kuzifanya fizi zivimbe na kupanda juu ya meno, na fizi zisizosafishwa huzidi kuvimba. Tena lipo lile gego linaloota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, ambalo wazazi wengi hulidhani la utoto. Hilo bibi hulisafisha mwenyewe, kwa tochi ya simu.

Juma lililopita nilikuta mkono wake umebaki kidole kimoja chini ya kiwiko. Mtoto akakenua kiooni. Akasugua meno ya mbele, mengine akayakosa, shati likalowa. Akachovya mswaki, akautikisa, maji yakaturukia sote, akautundika msumarini. Kisha akautungua tena, akamgeukia bibi yake, akaachama.