Hodi Isiyoitikiwa

Fundi aliinamia bodi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti, akaweka kapasita kwenye miguu miwili ya moduli ya redio, akagusa kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikatulia. Akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama kwa lenzi. Kisha akaibandua na kuanza upya. Miguu ya kapasita ilikuwa imebaki mirefu kidogo, naye alitaka ikae karibu kabisa na redio.

Nilimtazama kwa wiki nzima ya masika, Morogoro, akitengeneza rimoti ya pampu ya maji. Mteja wake ana bustani ya mboga kwenye mteremko wa milima ya Uluguru. Pampu iko chini kando ya kijito, tangi liko juu, mita 200 hivi kutoka hapo. Tangi likijaa, kijana alikuwa akitumwa ateremke mbio kuzima swichi. Akichelewa, maji yalimwagika na umeme uliliwa bure.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kila upande una maikrokontrola ATmega328P, ile ile iliyomo kwenye Arduino Uno R3, pamoja na moduli ya redio nRF24L01+ inayotumia chipu ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norwei. Nyaya saba zinatosha kuviunganisha, na ukiviweka juu ya meza moja, vitaongea siku hiyo hiyo. Ugumu huanza ukitoka mezani.

Kwanza ni umeme. Chipu ya redio haitaki zaidi ya volti 3.6, na moduli yenye kipaza nguvu huvuta zaidi ya miliampia 100 kila inapotuma. Njia ya volti 3.3 ya Arduino Uno R3 inamudu 50 tu. Volti zikishuka, redio huzubaa na ujumbe hupotea. Wengi huilaumu programu, wakakesha wakiiandika upya. Fundi huipa redio kidhibiti chake cha volti, kisha ile kapasita. "Huo ni mtungi wa mlangoni, kaka," aliniambia. "Mgeni akifika na kiu, huanzi kumtuma mtoto kisimani." Mtungi uliowekwa mbali na mlango haumsaidii mgeni, ndiyo maana alirudia kazi niliyodhani imekwisha.

Pili ni njia ya mawimbi. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na maji hulinyonya. Shamba lile limejaa migomba, na jani la mgomba limejaa maji. Fundi alishusha kasi ya redio kutoka megabiti 2 kwa sekunde hadi kilobiti 250, maana redio hii ikituma polepole husikika mbali zaidi. Akafunga antena kwenye mwanzi uliopita vilele vya migomba. Kisha akaanza kutembea na redio mkononi. Kila baada ya hatua kumi alisimama, akatuma jumbe mia, akahesabu zilizofika, akaandika kwenye daftari. Namba zilikuwa nzuri, lakini hakufunga daftari. Alisubiri mvua inyeshe, akarudi majani yakiwa yamelowa chapachapa, akahesabu upya tangu hatua ya kwanza. Jioni hiyo alikata mwanzi mwingine, mrefu zaidi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni adabu ya mazungumzo ya redio hizi. Pakiti moja hubeba baiti zisizozidi 32. Fundi alitumia nne: alama ya shamba, hali ya boya la tangi, hali ya betri, na namba inayoongezeka kila mara ili ujumbe wa zamani usidhaniwe kuwa mpya. Redio ya pampu ikipokea, huitikia yenyewe. Isipoitikia, ile ya tangini hurudia, hata mara 15 ukiiruhusu. Ni hodi na karibu. Na sisi tuliofundishwa hodi tunajua kwamba hupigwa mara tatu, usipoitikiwa unaondoka.

Hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe. "Kuwasha kila mtu anaweza," alisema. "Uliza inazimikaje." Tangi hutuma ujumbe kila sekunde. Pampu ikikaa sekunde tano bila kusikia kitu, hujizima, na haiwaki tena mpaka ipate jumbe tano mfululizo. Rilei imeungwa kwa namna ambayo ikikosa umeme huachia, hivyo bodi ikifa, pampu nayo inasimama. Ndani ya maikrokontrola amewasha saa ya ulinzi: programu ikikwama, huanzishwa upya bila kumsubiri mtu.

Siku ya kukabidhi kazi, mwenye shamba alitarajia kuonyeshwa pampu ikiwaka. Fundi aliiwasha, akamwacha kijana chini kando ya kijito, akapanda hadi tangini na kuchomoa betri. Sote tulinyamaza tukisikiliza mngurumo kutoka bondeni. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mngurumo ukakatika.

Mwaka 1898, Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo kwa redio mbele ya umati ndani ya Madison Square Garden, New York. Watu walistaajabia chombo kinachotii amri bila waya. Bado tunastaajabu hivyo hivyo, na ni haki yetu. Lakini tangu siku ile ya Uluguru, heshima yangu kubwa ni kwa chombo kinachojua la kufanya amri isipofika, na kwa mtu aliyelowa mvua ili kukifundisha.

Kijana unayeanza kazi hii, kabla hujamwita mtu aone kifaa chako kikiwaka, chomoa betri ya rimoti na uhesabu sekunde.