Jua Kupatwa katika Tamthilia ya "Heroes"

Tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Heroes, iliyobuniwa na Tim Kring na kuonyeshwa na shirika la NBC tangu mwaka 2006 hadi 2010, ina alama moja inayorudiwarudiwa: jua lililopatwa. Alama hiyo imo katika picha ya kufungulia mchezo. Imo pia katika sehemu ya kwanza kabisa, ambamo watu wa kawaida, walio mbalimbali na wasiojuana, wanaliona jua likifunikwa. Nasi watazamaji tukadhani kwamba uwezo wao wa ajabu umetoka huko.

Hapa ndipo mfasiri anapopata shida. Neno la Kiingereza ni jina tupu, halisemi kama tukio ni jema au baya. Kiswahili hakikai kimya hivyo. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, hupatwa na ajali. Heri hatupatwi nayo, twaipata. Basi alama ambayo mtunzi aliikusudia iwe kama tunu, kwetu itasikika kama balaa tangu mwanzo.

Lakini zitazameni zile sehemu mbili zilizotolewa Novemba na Desemba 2008, ambazo jina lao ni tukio lenyewe. Jua linapofunikwa, uwezo unatoweka: Nathan hawezi kuruka, na jeraha la risasi alilopata Claire halifungi. Jua linapofunguka, uwezo unarudi. Hapo neno letu linalingana na kisa kuliko neno la asili. Kasoro ni ya mtunzi, aliyeifanya alama ileile itoe na kunyang'anya pasipo kutueleza sababu ya kutosha. Tena amelirefusha giza kupita kiasi, ilhali mahali pamoja jua haliwezi kufunikwa lote hata dakika nane.

Wako watakaopendelea jina la "Giza la Mchana", kwa kuwa linavutia. Sisi hatulikubali. Jua laweza kupatwa pasipo giza totoro, kama walivyoshuhudia watu wa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, lilipobaki mfano wa pete. "Jua Kupatwa" latosha: mwalimu atalitumia darasani bila ya kulifafanua upya, na msiba uliomo ndani yake ndio hasa uliompata Claire.