Begi Linalofungwa Kuanzia Siku ya Mwisho

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huacha migomba na kahawa nyuma yake, huingia lango la hifadhi kwenye mita 1,800 hivi, na kileleni hukuta barafu kwenye mita 5,895. Katikati kuna msitu wa mvua na ukungu, nyika ya vichaka, kisha jangwa la mawe ambako jua la mchana huunguza na maji huganda usiku. Kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi. Yote hayo ndani ya wiki moja, na begi ni lile lile.

Kwa hiyo ukipita Moshi, tafuta nafasi uwatazame viongozi na wapagazi wakifunga mizigo. Tumezoea kusema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, tukiwasifu watu waliobeba misafara ya karne ya 19 kati ya bara na pwani. Sifa hiyo ni ya shingo na mabega. Ufundi wa kwanza, hata hivyo, hufanyika mzigo ukiwa bado chini.

Kiongozi hodari hulipanga begi la mgeni kwa kufuata siku, akianzia ya mwisho. Koti nene la manyoya ya bata, glovu nzito na kofia ya sufu hutangulia chini kabisa, kwani havitaguswa mpaka usiku wa kuondoka kambi ya Barafu kuelekea kileleni, ambako baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu yake zinafuata nguo za siku za katikati, kila fungu ndani ya mfuko wake usiopitisha maji. Begi la kulalia hukaa karibu na zipu, maana hutolewa kila jioni. Koti la mvua halimo kabisa. Linakaa kwenye begi dogo la mgongoni mwa mgeni, kwa sababu mpagazi hutangulia kambini na mvua ya msituni haimsubiri mtu amwite.

Uchaguzi wa nguo nao una hesabu yake. Fulana ya pamba inayopendeza Moshi mjini hunywa jasho na kuchelewa kukauka, na jasho hilo hilo ndilo linalomtetemesha mtu mita 3,000 juu. Nguo tatu nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine hulishinda koti moja zito, kwa kuwa mtembeaji huvua na kuvaa kadiri mlima unavyobadilika. Betri za tochi na kamera hulala ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, kwani baridi huzimaliza nguvu. Chupa ya maji husimamishwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini hauzibi.

Langoni kuna mizani. Mpagazi haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na hapo ndipo begi gumu la magurudumu linapoonekana halifai, kwa uzito wake na kwa kukataa kutulia kichwani juu ya kata. Vizito huwekwa katikati ili mzigo usivute upande mmoja kwenye njia ya utelezi.

Mzigo wa jikoni ndio unaonifurahisha zaidi. Trei za mayai hufungwa mwisho na kukaa juu ya vyote. Nyama, matango na tikiti, vyenye maji mengi na maisha mafupi, huliwa siku za mwanzo. Mchele, unga na tambi huachiwa kambi za juu. Mpishi anayejua kazi huondoa makasha ya karatasi na vifungashio vya ziada akiwa bado mjini. Taka za mlimani lazima zishushwe, nazo hupimwa kwenye mizani, kwa hiyo kila boksi linaloachwa Moshi ni mzigo uliopunguzwa mara mbili: wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.