Kuku Mgeni Asiye na Kamba

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wazee, na Tunduma ni mji uliozoea wageni. Malori yanayopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hufika hapo yakapanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na dereva anayesubiri karatasi zake zigongwe muhuri ana saa nyingi mkononi. Kwenye vibanda vya simu, vijana wenye kompyuta humjazia flashi au memori kadi. Rumba ya Kongo, kalindula ya Zambia, singeli ya Dar es Salaam, bongofleva ya zamani na ya wiki hii, kwaya za Mbozi na Ileje, zote humwagwa kwenye folda moja. Flashi ikichomekwa kwenye redio ya gari, kioo chake kidogo huandika kwamba msanii hajulikani, albamu haijulikani, wimbo ni namba 14. Mzigo ulio nyuma ya dereva huyo una hati zinazosema umetoka wapi, ni wa nani na unakwenda kwa nani. Wimbo ulio mbele yake hauna hati yoyote. Huyu ni kuku mgeni aliyevuka mpaka bila kamba.

Kijana wa kibandani si wa kulaumiwa, kwa kuwa anauza kile anachoombwa. Kilichotoweka ni kazi ya mtu mwingine, aliyepaswa kuufikia wimbo kabla yake: mkusanyaji, yule anayekaa na rekodi za watu wengi, akachagua chache, akazipanga, akaandika kwenye jalada nani alipiga nini, wapi na mwaka gani. Mtu huyo ni fundi, ingawa ufundi wake ni vigumu kuusifia kwa sababu hausikiki ndani ya wimbo wowote. Unasikika baina ya wimbo na wimbo. Nami nadai kwamba muziki wa mashine unamhitaji kuliko muziki mwingine wote. Ngoma ina mti na ngozi, ina wachezaji, ina kijiji kinachokumbuka nani aliipiga vizuri kwenye harusi ya fulani. Wimbo uliozaliwa ndani ya kompyuta hauna shahidi wa namna hiyo. Kompyuta ikiharibika linabaki faili, na faili hunakiliwa mara elfu bila kumtaja mzazi wake. Katika muziki huu, asiyeandikwa kwenye jalada hakuzaliwa.

Ili kuona ufundi wenyewe, tuanze mbali kidogo, na mkusanyo uliotoka Marekani mwaka 2000 kwa jina la OHM: The Early Gurus of Electronic Music. Thomas Ziegler na Jason Gross walipanga kazi 42 kwenye sidii tatu, za kati ya 1948 na 1980, na wakaweka ndani yake kitabu cha kuwaeleza watunzi mmoja mmoja. Msikilizaji angetegemea historia ya muziki wa umeme ifunguke kwa mlio wa mitambo. Badala yake inafunguka kwa Clara Rockmore akipiga wimbo wa taratibu wa Tchaikovsky kwenye theremin, chombo kilichobuniwa Urusi mnamo 1920 na ambacho mpigaji wake hakigusi kabisa. Husogeza mikono hewani karibu na vyuma viwili, na sauti hupanda na kushuka kama ya mtu anayeimba amefumba mdomo. Uamuzi huo mmoja wa kumtanguliza Rockmore ni hoja nzima iliyotolewa bila kuandikwa. Unasema kwamba kabla ya mashine kulikuwa na mkono, kwamba umeme uliingia kwenye muziki kwa mlango wa huzuni na upole, na kwamba anayedhani huu ni muziki usio na moyo asikilize kwanza dakika hizi chache, kisha aamue. Weka wimbo huohuo katikati ya sidii ya pili na hoja inakufa. Rekodi ni ileile, lakini mahali pake pamebadilika, na mahali ndipo penye ufundi.

Muda mfupi baadaye anakuja Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, ambaye mwaka 1948 alirekodi vichwa vya treni kwenye stesheni moja ya Paris, akarudiarudia vipande vya sauti hizo kwenye santuri mpaka mvuke, filimbi na magurudumu vikawa utungo. Anayeishi Mlowo, Vwawa au Tunduma, ambako reli ya TAZARA imepita tangu miaka ya 1970, hahitaji kushawishiwa kwamba treni ina mapigo yake. Anachohitaji ni mtu wa kumwekea treni hiyo ya Paris jirani na sauti inayostahili ujirani huo, ili asikie kwamba kelele ya kila siku imegeuzwa kitu kingine. Mashine za kupendekeza nyimbo kwenye simu haziwezi kufanya hivyo. Zinajua kwamba aliyependa huu hupenda na ule. Hazijui kwa nini huu lazima utangulie ule.

Hata hivyo, fundi akikosea, kosa lake hudumu. Kila historia inayoanzia Paris 1948 imeiruka Kairo 1944, ambako Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya, akaingia nayo kwenye hafla ya zar, ibada ya kupunga pepo, akanasa sauti za wanawake walioimba, kisha akazichezea studioni kwa mwangwi mpaka maneno yakayeyuka na kubaki mng'ao tu. Miaka minne kabla ya treni za Schaeffer, Mwafrika alikuwa ameshafanya jambo hilo. Kwa miaka mingi historia ilisimuliwa kana kwamba hakuwapo. Vivyo hivyo Francis Bebey wa Kameruni, aliyerekodi Ufaransa kwa sinthesaiza na mashine ya ngoma akichanganya na filimbi na sanza, alikuwa karibu kusahaulika na vijana hadi kampuni ya Born Bad ya Paris ilipotoa, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mkusanyo wa kazi zake za 1975 hadi 1982. Dawa ya mkusanyo wenye upungufu, basi, imekuwa mkusanyo mwingine uliofanywa kwa uangalifu zaidi. Sijaona dawa nyingine iliyofanya kazi.

Kwetu, habari hii ina majina yake. Miaka ya 1990 vijana wa uswahilini Dar es Salaam walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vilivyotengenezwa kwa watoto wa ng'ambo, wakaviunganisha na vipaza sauti vya kuundaunda, wakaongeza ngoma na kigoda cha kugongwa kwa vijiti, ukapatikana mchiriku. Betri, nyaya na ubishi. Ulikuwa muziki wa umeme kwa maana halisi, ingawa wengi waliousikia waliuita kelele za wahuni. Kundi la Jagwa Music lilipata albamu, Bongo Hotheads, mwaka 2012, chini ya kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, ileile iliyokuwa imetoa mfululizo wa Congotronics kutoka Kinshasa. Makundi mengi yaliyopiga bega kwa bega na Jagwa hayakupata jalada, na leo anayetaka kuyasikia hana pa kuanzia.

Kutoka kwenye ngoma za mtaani na vigodoro, zile sherehe za kukesha, ikazaliwa singeli. Prodyuza hukata kipande kifupi cha taarabu au mchiriku, akakizungusha, akakikimbiza hadi kuvuka mapigo 200 kwa dakika, na mwimbaji akapanda juu yake kwa pumzi moja. Nyimbo zilisambaa kwa simu na kwa madijei wa mitaani, zikachuja haraka, zikafuatwa na nyingine wiki hiyohiyo. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Aliyekuwa amesikia singeli vipandevipande kwenye bajaji aliweza, kwa mara ya kwanza, kukaa na studio moja kama mtu anavyokaa na familia moja: akasikia wapi prodyuza Bamba Pana anafanana na mwenzake Jay Mitta na wapi wanaachana. Wawili hao wakapata albamu zao wenyewe, Poaa mwaka 2018 na Tatizo Pesa mwaka 2019. Kisha 2021 ukaja Sounds of Pamoja, kutoka studio ya Duke, na hapo sikio likapata kitu ambacho mkusanyo mmoja peke yake haukuweza kukitoa, yaani ulinganisho. Kwa Duke waimbaji vijana wako mbele na maneno yanagongana kama katika mashindano ya kughani. Kwa Sisso mashine yenyewe ndiyo inayosema. Tulichokiita singeli, kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kina koo, na koo hizo zilijulikana kwa sababu mtu alizitenga na kuziandika.

Litakuja pingamizi kwamba flashi ya Tunduma nayo ni mkusanyo, tena wa wananchi, usiosubiri ruhusa ya kampuni. Pingamizi hili lina uzito, na anayelidharau hajui jinsi muziki wetu ulivyosafiri. Jibu lake linapatikana Kidal, kaskazini mwa Mali. Huko nako nyimbo zilizunguka kwenye memori kadi za simu, zikihamishwa kutoka mkono hadi mkono, nyingi bila jina. Christopher Kirkley, Mmarekani mwenye kampuni ya Sahel Sounds, alizikusanya kwenye Music from Saharan Cellphones, kwanza kama kanda mwaka 2010 na baadaye santuri. Alichokifanya zaidi ya kuchagua ni kuwatafuta wenye sauti hizo, ili wajue kwamba nyimbo zao zinatoka na wapate chao. Malighafi yake ilikuwa ileile ya kibandani. Tofauti ya kapu na mkusanyo ilikuwa katika kutafuta huko, kazi ya kuchosha, ya kupiga simu na kuulizia jina lililosikika nusu.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Kampala, Brussels, Paris; na kabla ya hizo, Munich, ambako kampuni ya Out Here ilitoa mwaka 2004 mkusanyo wa bongofleva ya Tanzania. Mbona karibu kila jalada linaandikwa ugenini? Na mgeni huchagua kwa sikio la kwao. Anayekusanya kwa ajili ya ukumbi wa dansi wa Ulaya atavutiwa na kasi ya singeli kuliko maneno yake, wakati hapa nyumbani mwimbaji wa singeli Msaga Sumu alipendwa kwa maneno. Hayo ni kweli. Lakini lawama ikifuatwa mpaka mwisho wake inarudi mlangoni kwetu. Nchi hii iliwahi kujua kazi hiyo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, kwaya na ngoma wakati ambapo mwanamuziki hakuwa na studio nyingi za kuchagua, na mtangazaji alitaja bendi kabla ya kuachia wimbo. Leo tuna studio katika kila mtaa na hatuna anayeandika. Mgeni ameokota kilichoachwa njiani. Kumlaumu kwa kuokota vibaya ni haki yetu; kumlaumu kwa kuokota ni aibu.

Songwe, penye Tunduma, Mbozi na Ileje, ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2016, na katika mikusanyo yote iliyotajwa hapa hakuna hata wimbo mmoja wa huko. Mtu anaweza kusema haukuwa na cha kukusanywa. Asingesema hivyo kama angefikiria kwaya. Katika nyanda hizi, ambako Wamoraviani walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, kuimba kwa sauti nne ni desturi ya vizazi, na kinanda cha umeme kilipoingia makanisani kilikuja na ngoma zake ndani, mapigo yaliyokwisha kupangwa kiwandani, ambayo mpigaji wa Kinyiha, wa Kinyamwanga au wa Kindali ilibidi ayabembeleze yakubaliane na mwendo wa wimbo wa kwao. Mkutano huo wa mashine na desturi ni sura ya historia ya muziki wa umeme sawa na ile ya Kinshasa au Mburahati. Ulirekodiwa kwenye kanda, kanda zikauzwa minadani na nje ya makanisa, zikachezwa kwenye mabasi ya Mbeya na Tunduma mpaka zikalegea. Zilizobaki ziko kwenye maboksi chini ya vitanda, na katika baridi na ukungu wa milima ya Ileje unyevu huufanya utepe ushikane, ukakatika siku unapojaribiwa. Chache zimehamishiwa kwenye kompyuta za vibandani, na kutoka huko kwenye flashi, na sasa zinavuka kwenda Nakonde zikiwa namba 14, namba 15. Jina la mpiga kinanda liliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya ndani ya kasha, na karatasi hiyo ndiyo hutangulia kupotea.