Sifa za Mpima Sidiria

Katika sanaa zilizokosa wa kuzisifu iko sanaa ya kumchagulia mwanamke sidiria impasayo. Maana hufanyika nyuma ya pazia, na tunda lake hufunikwa na gauni lisilodhihirisha kilichomo ndani. Seremala husifiwa mlangoni na mshona kofia husifiwa barazani, lakini fundi huyu, kazi yake itimiapo, hakuna jicho liionalo. Hata mwenye kuivaa sidiria huisahau mchana kutwa, na kusahau huko ndiko kunakoshuhudia kwamba fundi amefaulu.

Vazi lenyewe si la kale mno. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889 Herminie Cadolle alileta koseti aliyoikata mapande mawili, la juu likishikwa na mabega, la chini likisalia kiunoni. Na mwaka 1914 Mary Phelps Jacob, bibi wa New York aliyekuwa ameunga leso mbili za hariri kwa utepe, alipewa na serikali ya Marekani hati ya kumiliki ubunifu wake, akitaja miongoni mwa sifa zake kwamba vazi moja laweza kuwatosha wanawake wa maumbo mbalimbali. Dai hilo lilipendeza kwa wepesi wake, lakini miili haikuumbwa kwa kalibu moja. Na mwaka 1932 kampuni ya S. H. Camp, huko huko Marekani, ikaanza kuvitambulisha vikombe kwa herufi, tangu A hata D. Huo ukawa mwanzo wa kukubali kwamba mgongo na kidari ni mambo mawili, yastahiliyo kupimwa mbalimbali.

Hesabu ya upimaji huo ni ndogo, lakini ina mtego. Utepe wa kupimia huzungushwa kwanza chini ya matiti, ukae sawasawa mbele na nyuma, ukibana bila kumkata mtu pumzi. Kisha huzungushwa penye kilele cha kifua, ukigusa bila kukandamiza. Kipimo cha kwanza ndicho tarakimu ya mshipi, na tofauti baina ya vipimo viwili ndiyo herufi ya kikombe: inchi moja ni A, mbili B, tatu C, nne D. Mtego umo katika ile kanuni ya zamani iamuruyo inchi nne ziongezwe juu ya kipimo cha mshipi. Mwanamke mwenye inchi 32 chini ya matiti na 36 kileleni, ambaye kwa haki yake ni 32D, akipimwa kwa kanuni hiyo huambiwa kuwa mshipi wake ni 36, na ile tofauti ikatoweka kabisa. Basi hupewa mshipi usioshika na kikombe kisichotosha, akatoka dukani na sidiria mpya na adha ile ile.

Wengi wakiisikia D hushtuka, wakidhani ni jina la kifua kikubwa. Herufi peke yake haina hukumu mpaka ikae na tarakimu yake: kikombe cha 32D, cha 34C na cha 36B vyachukua kadiri moja, na kibadilikacho ni urefu wa mshipi. Kwa hiyo fundi mjuzi, mteja akimlalamikia kwamba mshipi wambana ilhali vikombe vyamtosha, humpandishia tarakimu na papo hapo akamshushia herufi, mizani isipotee.

Utepe, hata hivyo, ni mwanzo wa elimu; jicho na mkono ndivyo viikamilishavyo. Mikanda ya mabegani ikichimba mifereji katika ngozi, wenyewe huilaumu mikanda, na hali kosa ni la mshipi mlegevu uliopanda mgongoni, ukaiacha kazi yake iyaangukie mabega. Maana uzito wa kifua wapasa kubebwa zaidi na mshipi, ukiuzunguka mwili sawasawa kama pete ya chuma izungukavyo pipa. Nyama ikifurika juu au kwapani, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikikunjamana, huenda kikombe ni kikubwa, au huenda mvaaji hajainama mbele na kuliingiza titi lote ndani kwa kiganja, jambo lipasalo kufanywa kabla ya hukumu yoyote. Waya upite mpakani mwa titi na mbavu, usilikanyage titi. Kipande cha katikati kilale juu ya mfupa wa kidari. Na titi moja likimzidi mwenziwe, kama ilivyo kwa wengi, kikombe kifuate lililo kubwa. Sidiria mpya ifungwe kwenye safu ya vitanzi iliyo legevu kuliko zote, kwa kuwa lastiki huchoka kwa kuvaliwa na kufuliwa, na safu zilizosalia ni akiba ya siku hizo. Mnunuzi wa mitumba aliyelijua hili huuvuta mshipi kwanza, ndipo akatazama maua na lesi.

Juu ya ujuzi huu pana adabu, ambayo naihesabu kuwa nusu ya sanaa. Fundi huomba idhini kabla ya kugusa, na alichokiona hakitoki nje ya pazia. Vazi lisipokaa husema, "Hii haikufai, tujaribu nyingine," akaweka lawama juu ya nguo. Kwani mwanamke aliyezoea kuambiwa kwamba mwili wake ndio mgumu kuvika huondoka na huzuni ambayo kitambaa ndicho kingestahili kuibeba. Mwili ndio kipimo. Nguo ndiyo ipimwayo.

Pwani yetu ina mwalimu wa mambo haya ya siri, naye ni somo, ambaye tangu kale hukabidhiwa mwari avunjapo ungo amfundishe twahara, usafi na mwenendo. Sidiria haikuwamo katika mafunzo ya kale kwa kuwa haikuwamo nyumbani. Leo imo kabatini, na wasichana wengi huipata ya kwanza kwa kukisiwa kwa macho, au kwa kuirithi kwa dada. Ingefaa basi utepe wa kupimia uingie katika mkoba wa somo, na mwari afunzwe kujipima mwenyewe, na kurudia kujipima kila mwili ubadilikapo kwa mimba, kunyonyesha au umri. Kwani elimu hii haigharimu ila utepe na dakika chache, na mwenye nayo hauziwi asichokihitaji.