Mkono Unaoandika kwa Nta

Wageni wengi wa Jakarta huanzia Kota Tua, mji wa kale uliokuwa Batavia tangu Waholanzi walipoiteketeza Jayakarta mwaka 1619. Nenda ukauone, jumba lao la utawala, lililokamilika mwaka 1710, limesimama mpaka leo na sasa ni makumbusho. Lakini usiimalizie siku huko. Fika upande wa Tanah Abang, kwenye Makumbusho ya Nguo, uone batiki ilivyo kazi.

Fundi, mara nyingi mama wa makamo, ameketi kwenye kigoda. Bafta nyeupe imetundikwa mbele yake, na ubavuni kisufuria cha nta kiko juu ya moto mdogo. Kalamu yake ni canting, kijikombe cha shaba chenye mdomo mwembamba sana na mpini wa mwanzi. Huchota nta, hupuliza ule mdomo usizibe, kisha huchora, mkono wa kushoto ukikinga kitambaa kwa nyuma. Nta ikiwa moto mno hutapakaa. Ikipoa hugoma kutoka. Tone likidondoka pasipotakiwa, kulitoa ni taabu. Akimaliza upande mmoja hugeuza kitambaa, akaifuata mistari ileile upande wa pili, ili rangi isipate pa kupenya. Ndipo nguo huchovywa rangi, nta huchemshwa itoke, na kama pana rangi nyingine, huanza tena kuandika. Nguo moja inaweza kula miezi. Wenyewe huiita batik tulis, batiki ya kuandikwa, na sijui jina ambalo lingeistahili zaidi.

Nasi tumo katika habari hii. Karne ya 19 viwanda vya Uholanzi viliiga batiki kwa mashine ili viwauzie Wajava, wenyewe wa batiki. Mashine iliacha vijiufa ambamo rangi ilipenya, na kwa Mjava ufa ni dosari. Afrika Magharibi wakaipenda nguo hiyo pamoja na nyufa zake. Kitenge cha waksi tunachojifunga leo ni cha ukoo huo.

Ukiingia soko la Tanah Abang utakuta batiki tele zilizochapwa kiwandani. Geuza nguo: nyuma ikiwa imepauka, ni ya mashine. Rangi ikiwa imekolea pande zote, isogeze karibu na macho, utafute nukta iliyozidi kidogo wenzake, au mstari uliotetemeka kisha ukatulia. Ukiuona, usidai sana kupunguziwa bei.