Rangi katika Karatasi za Hesabu

Karatasi zimekuwa nyingi katika miji yetu ya Butembo na Beni. Wafanyabiashara, vyama vya akiba, vyama vya wakulima wa kahawa na kakao, shule na parokia, wote huchapisha: matangazo, mialiko, orodha za bei, taarifa za mwaka. Nazo zina rangi, tena rangi tele. Jambo hilo si baya lenyewe. Lakini yafaa tuulize: rangi hizo zamsaidia msomaji, ama zamsumbua?

Tuchukue mfano mmoja. Tumesoma taarifa ya mwaka ya chama kimoja cha akiba, ambacho hatutakitaja jina. Jalada lake lapendeza kweli, na wapiga chapa wastahili sifa. Lakini tukifika penye hesabu ya mikopo, twaona duara lililokatwa vipande: kijani ni mikopo inayolipwa vema, nyekundu ni mikopo iliyochelewa. Juu ya vipande hakuna neno wala tarakimu. Rangi peke yake ndiyo yasema.

Basi, taarifa zenye rangi zilikuwa chache, wanachama wengi wakapewa fotokopi. Katika fotokopi nyekundu na kijani zilitoka kijivu kile kile, na vichwa vya manjano vilipotea kabisa. Mwanachama akashika mkononi hesabu ya mali yake mwenyewe, asijue ni kipande gani kilicho fedha salama na kipi kilicho fedha ya hatari. Hatusemi kwamba viongozi walitaka kuficha. Twasema kwamba karatasi ilificha, na mwenye fedha apata hasara ile ile.

Kosa liko wapi? Rangi iliachiwa kazi ya neno. Tena, fotokopi siyo adui peke yake. Wako watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawawezi kutenganisha vizuri nyekundu na kijani. Hao hata karatasi ya asili haiwasaidii.

Ukitaka kuona rangi iliyotumiwa kwa akili, usiende mbali. Nenda kwenye kituo cha afya. Huko hupima watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe unaozungushwa mkononi, juu ya kiwiko. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali. Kutoka 115 hadi kufikia 125 ni manjano: yuko hatarini. Kuanzia 125 ni kijani. Rangi tatu tu, kila moja na maana yake, na vipimo vimeandikwa pamoja nazo. Mama aona mara moja, na muuguzi aandika tarakimu.

Tazameni pia chupa ndogo za chanjo. Nyingi zina alama ya duara lenye mraba ndani yake. Mwanzoni mraba ni mwepesi kuliko duara. Joto likizidi, mraba wazidi kukolea. Ukilingana na duara, ama ukilipita, chanjo haitumiki tena. Hapa mtu halazimiki kujua jina la rangi. Atazama tu giza na mwanga.

Na lugha yetu yatufundisha vivyo hivyo. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ni maneno ya rangi yenyewe. Nyingine twaziazima kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa. Kwanza weusi na weupe, ndipo mengine. Anayeandika maandishi ya manjano juu ya karatasi nyeupe amesahau msingi huo. Vivyo hivyo anayemulika hesabu ukutani mchana, madirisha yakiwa wazi: rangi hafifu zilizong'aa katika kompyuta yake zafifia mbele ya watu, nao walio nyuma hukaa kimya kwa haya.

Wengine watasema: rangi nyingi huvuta macho. Sivyo. Rangi ikiwa kila mahali haivuti tena. Sisi Wakristo twajua jambo hili kanisani. Kijani huvaliwa majuma mengi ya mwaka, lakini rangi ya waridi yaweza kuvaliwa Dominika mbili tu, moja ya Majilio na moja ya Kwaresima. Ndiyo sababu ikivaliwa hata watoto huuliza maana yake. Tena masomo na sala za siku hiyo husema habari ile ile, hata kipofu asikose kitu.

Shauri letu kwa waandishi wa taarifa ni fupi. Andikeni kwanza yote kwa wino mweusi, na maneno yatoshe. Kisha ongezeni rangi moja, ama mbili, mahali msomaji anapopaswa kusimama: deni, hasara, siku ya mwisho ya kulipa. Kabla ya kuchapa, toeni fotokopi moja mkaisome. Kama haisomeki, hamjamaliza kazi.

Nanyi wanachama, msione haya kuuliza katika mkutano: kipande hiki ni fedha kiasi gani? Aliyeleta akiba yake kutoka shamba la kakao ana haki ya kujibiwa kwa tarakimu.